Kwepa Foleni, Usimkwepe Daktari

Sogea hapa, ndugu yangu, nikunong'oneze. Hutaki kwenda hospitali, nami sikulazimishi. Ukitokea Olenguruone au Mau Narok wakati wa mvua, nauli ya kufika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH, inakula pesa ya unga, na foleni inakula siku nzima. Ukifika unawakuta waliotoka Baringo, Nyandarua na Samburu wamekutangulia. Basi tufanye ujanja. Uvivu wako na kiburi chako vina kazi. Vitumie vizuri na utaishi kuwaona wajukuu.

1. Usisubiri mashine kubwa.

Ukiambiwa matibabu ya mbali ni mambo ya Ulaya ambayo yatatufikia siku moja, kataa. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walipima macho ya watu wa miaka 50 na zaidi katika sehemu 100 za Nakuru. Miaka michache baadaye daktari wa macho kutoka Uingereza, Andrew Bastawrous, alikuja na wenzake kuwafuatilia watu hao hao. Walipakia mashine za bei ghali kwenye gari, wakafika vijijini na kukuta hakuna stima, barabara ni matope, lakini mtandao wa simu upo. Wakaunda programu ya simu, wakaiita Peek. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba simu, ikitumiwa nyumbani kwa mgonjwa, inapima uwezo wa kuona karibu sawa na kipimo cha kliniki.

Kisha wakatengeneza kifaa kidogo cha kubandika kwenye kamera ya simu ili kupiga picha ya ndani ya jicho. Picha zilitoka Nakuru zikasomwa na wataalamu wa hospitali ya macho ya Moorfields kule London. Na hapa ndipo pa kunufaika sisi wenye njia za mkato: mtu ambaye hajawahi kufanya kazi ya afya, alipofundishwa kupiga picha hizo, alizipiga vizuri karibu sawa na aliyesomea macho. Kwa hiyo kiongozi akisimama mbele yako na kusema tunangoja vifaa, muulize amemfundisha nani kutumia simu aliyo nayo mfukoni.

2. Mlete mhudumu sebuleni.

Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mikoba yenye vifaa, ikiwemo mashine ya presha na kipima sukari, pamoja na simu ya kuingizia taarifa. Mmoja wao anaishi karibu nawe. Pengine ni yule mama mnayekutana naye kanisani au kwenye kisima.

Mzee wa Molo hataki kuonekana kliniki ya presha, hasa na jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba. Sawa kabisa. Mwalike mhudumu nyumbani, vaa shati safi, pika chai, funga mlango, upimwe. Presha ikiwa juu, namba hizo zimfikie daktari kwa simu siku hiyo hiyo. Heshima yako imebaki, na kiharusi kimepata mpinzani mapema.

Ila usimtumie mama huyo bure. Posho yake iliyopangwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, ikigawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Ikichelewa, piga kelele kwenye baraza la chifu na kwa mwakilishi wadi wako. Anayetembea kilomita kadhaa kwenye matope akibeba moyo wa mfumo mzima hapaswi kuomba nauli.

3. Danganya popote pengine.

Mwambie shemeji uliacha pombe. Mwambie mke wa pasta unafunga kila Ijumaa. Daktari wa kwenye simu mwambie kweli, maana yeye hawezi kunusa pumzi yako wala kubonyeza tumbo lako. Hicho unachomficha ndicho alichokuwa akitafuta. Mtajie hata dawa ya mizizi uliyonunua sokoni.

Pakiti zote za dawa zipange mezani uzipige picha moja. Kidonda kipige nje, kwenye mwanga wa jua, kando yake uweke sarafu ili ukubwa wake uonekane. Zima zile programu za kulainisha ngozi. Najua unapenda kupendeza. Leo upele ndio unaopaswa kuonekana.

4. Kubali kukumbushwa kama mtoto.

Hii ndiyo hatua kubwa, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Watu huvutiwa na skrini na kamera. Mimi naweka pesa yangu kwa yule anayepiga simu kuuliza umefikia wapi.

Angalia Trans Nzoia. Watoto zaidi ya 20,000 wa shule 50 walipimwa macho na walimu wao. Katika nusu ya shule hizo, wazazi waliletewa picha inayoonyesha jinsi mtoto wao anavyouona ulimwengu kwa ukungu, kisha wakawa wanatumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha. Matokeo yalitoka mwaka 2018: kati ya kila watoto 100 waliotakiwa kwenda hospitali, 54 walifika. Kwa utaratibu wa kawaida wa barua ya karatasi, walifika 22 tu. Wazazi wa makundi yote mawili waliwapenda watoto wao. Wengine walikumbushwa, wengine wakaachiwa kumbukumbu zao, na msimu wa kupanda ukafika.

Sasa angalia Nairobi na Kajiado, kati ya 2007 na 2009. Wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi walishiriki jaribio. Nusu yao walitumiwa ujumbe mmoja kila wiki: Mambo? Walitakiwa kujibu sawa au shida ndani ya siku mbili. Aliyejibu shida alipigiwa na muuguzi. Aliyenyamaza alipigiwa pia. Asilimia 62 ya kundi hilo walimeza dawa zao ipasavyo, wenzao asilimia 50. Kilichotumika ni simu ya kabambe ya kawaida, ujumbe wa bei ndogo, na muuguzi mwenye moyo.

Kwa hiyo ukijisajili kwenye bima ya afya ya SHA kwa kubonyeza *147#, weka namba unayoipokea kweli, na kliniki uiache hiyo hiyo. Ujumbe wa kliniki ukija, ujibu. Na kama kiburi kinakusukuma uandike sawa huku kichwa kinakuzunguka, usidanganye: andika shida. Muuguzi ajue wa kumpigia. Fedha za afya za nchi hii zimlipe yeye kwanza, skrini zije baadaye.

5. Chunguza daktari kama unavyochunguza ng'ombe mnadani.

Yule anayeponya kisukari kwa siku saba kupitia video, mwachie wengine. Hapana, usimwachie mtu yeyote. Baraza la madaktari na madaktari wa meno lina rejista mtandaoni. Andika jina lake, uone kama yumo. Majibu ya vipimo vyako yabaki kati yako na aliyeyaomba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayalinda, lakini haiwezi kuyarudisha ukishayatuma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo.

6. Jua ujanja unapoishia.

Mtoto anapotetemeka kwa degedege, mjamzito anapovuja damu, kifua kinapobana au pumzi inapokatika, usitafute picha nzuri. Tafuta gari, hata kama ni pikapu ya kubebea viazi. Vivyo hivyo nyoka akiuma, na kule Baringo hilo si jambo geni.

Simu bado ina kazi moja hapo. Dereva akiwa barabarani, wewe pigia hospitali ya karibu kabla hamjafika, kisha inayofuata, ili msizungushwe mkianzia mahali ambapo dawa imeisha. Kama ni nyoka, waulize mambo matatu, na usikate simu mpaka wakujibu: dawa ya sumu ya nyoka ipo leo? Nani yuko zamu? Tukifika, tupitie lango gani?