Sifa za Mgeni Asiyepiga Hodi

Ujumbe taka, yaani tangazo la biashara linalotumwa kwa njia ya kielektroniki kwa mtu asiyeliomba, umelaaniwa kiasi kwamba hakuna aliyekaa kitako kuhesabu fadhila zake, ingawa ukichunguzwa vizuri utaonekana kuwa ndio mwandani mwaminifu kuliko wote katika simu ya mtu wa kawaida. Ndugu hupitisha mwezi mzima bila salamu, mdaiwa hubadilisha namba, na rafiki wa utotoni humkumbuka mwenziwe panapokuwa na mchango wa harusi. Lakini kampuni ya kubeti humjulia hali alfajiri, mkopeshaji wa mtandaoni humpongeza kwa kustahili mkopo ambao hakuuomba, na mganga asiyemfahamu humhakikishia kwamba ndoa yake itatengemaa kabla ya jua kuzama. Wala ujumbe huu haubagui, kwa maana profesa na mchuuzi wa dagaa hualikwa siku moja, kwa maneno yaleyale, kujiunga na Freemason, na usawa wa namna hiyo ni nadra hata katika taasisi zenye katiba nzuri.

Nasaba yake ni ya heshima. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Marekani ya Digital Equipment Corporation aliwaalika watu wapatao 400, waliokuwa wakitumia mtandao wa ARPANET uliotangulia intaneti, waje kuona kompyuta mpya. Wengi walikasirika, naye akadai baadaye kwamba hasira hizo zilimletea mauzo ya mamilioni ya dola.

Fadhila yake kubwa, hata hivyo, ni kuwafundisha watunga sheria falsafa ya hodi, jambo ambalo kila mtoto wa Kiswahili hulijua kabla ya kujua kusoma. Kundi la kwanza la sheria hufuata kanuni ya ridhaa ya awali, ambayo maana yake ni kwamba mgeni abishe, aitikiwe karibu, ndipo aingie. Huo ndio msimamo wa agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 nayo hudai ridhaa ya mlaji, ikiongeza kwamba mtumaji ajitambulishe mwanzoni mwa ujumbe na ampe mpokeaji njia ya kuukataa. Kundi la pili hufuata haki ya kujitoa, ambapo mgeni huingia kwanza, akakaa, akajimiminia chai, kisha mwenye nyumba akaruhusiwa kumwomba atoke. Sheria ya Marekani iitwayo CAN-SPAM, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2004, imo katika kundi hili, na wakosoaji wake hawakukawia kusema kwamba jina lake linasomeka kama kibali cha kutuma. Sheria hiyo haikatazi ugeni, bali inausomesha adabu: kichwa cha ujumbe kisidanganye, anwani halisi ya posta iandikwe, na mtu akiomba kuachwa, aachwe ndani ya siku 10 za kazi. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Bunge la Marekani lilikuwa na subira zaidi, na Jumamosi na Jumapili halikuzihesabu.

Isidhaniwe kwamba kanuni ya ridhaa imeudhoofisha ujumbe taka, kwani ndiyo iliyoukuza kiakili. Kabla ya kanuni hiyo ulikuwa ukibahatisha namba; baada yake umejifunza kusubiri katika kurasa za vigezo na masharti, ambamo ridhaa hutolewa na mtu aliyekuwa na haraka ya kupata kifurushi, na katika daftari la getini, ambamo mgeni wa jengo huandika jina na namba yake kwa ajili ya usalama, usalama wa nani likiwa ni swali la wanafalsafa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 huzuia taarifa za mtu kutumiwa kibiashara bila idhini yake au ya sheria nyingine, na kwa hiyo imeupa ujumbe huu sababu nzuri ya kudumu katika elimu.

Hata katika kuaga ujumbe taka hauna mfano. Mpokeaji anayechoka huelekezwa kutuma neno moja kwenda namba fupi, na akilituma kwa mtumaji asiyejali sheria huwa amethibitisha kwamba namba yake iko hai na inasomwa, sifa inayoipandisha thamani sokoni. Akilituma kwa mtumaji mwadilifu, hupokea papo hapo ujumbe mwingine, ambao nao hakuuomba, unaomjulisha kwa upole kwamba hatapokea ujumbe mwingine.