Muulize Babu Mwiko: blanketi ni la sufuria

Wasomaji wangu, na nyie mnaosubiri jirani amalize gazeti ndipo msome bure, nawasalimu kutoka Bombambili, Songea. Leo alfajiri nimetoka nje kunawa uso, maji yakaniuma. Julai ya hapa haijui mkubwa wala mdogo. Usiku joto linashuka mpaka nyuzi 12 hivi, ukungu unaikalia milima ya Matogoro kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani, na jogoo wangu amehamisha kuwika kwake mpaka saa mbili, jua likishatoka. Watu wa Njombe wanatucheka, eti hii nayo ni baridi? Wacheke. Mtu ambaye umande wake unaganda juu ya majani asijifanye mwalimu wa kutetemeka.

Kwa wageni wa safu hii: naitwa Mwiko. Mwiko ni ule mti wa kusongea ugali, na mwiko ni katazo la wazee. Mimi ni vyote viwili: nakoroga, halafu nakataza. Na kwamba mwiko wa kusongea umejikuta unaishi Songea, hilo ni jambo la Mungu, msiniulize.

Barua ya kwanza.

*Shikamoo Babu Mwiko. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Songea kutoka Tanga mwezi wa tano. Nimepanga chumba kimoja Mjimwema, nina mtungi wa gesi wa kilo 6 na sufuria mbili. Kila jioni nakula zege, nalala nimeshiba, usiku wa manane njaa inaniamsha na baridi inanipokea. Nipike nini chepesi, chenye afya, kinipe joto? — Mwalimu wa Tanga*

Marahaba, mwanangu. Umetaja Tanga, na Tanga imenikumbusha mtu mmoja muhimu sana, yaani mimi. Nilifika huko nikiwa kijana, nikakaribishwa samaki wa kupaka. Nikaonja, nikanyamaza. Mwenyeji akauliza, vipi, hajakolea? Nikamwambia, amekolea, ila angepata karanga angekolea zaidi. Nyumba nzima ikanitazama. Mpaka leo sijaalikwa tena, na naamini ni kwa sababu wanaogopa kushindwa.

Tuache hayo. Zege sina ugomvi nayo. Kijana hawezi kuishi bila dhambi ndogo. Lakini kiazi kilichokaangwa na yai lake hakina nyuzinyuzi za kutosha kukaa tumboni usiku kucha. Kinaingia kwa kishindo, kinatoka kwa mlango wa nyuma, nawe unabaki saa saba usiku unatafuta kipande cha mkate ndani ya begi la madaftari.

Jibu lako ni kande. Usinune. Najua ulilishwa kande za bweni, zile za kuhesabu maharage kwa vidole. Hizo hazikuwa kande, ilikuwa adhabu yenye mchuzi. Hapa uko Ruvuma, mkoa ambao mahindi si zao, ni tabia. Na baridi yetu ina adabu moja: inafika ndiyo kwanza tumetoka kuvuna, mahindi mapya, maharage mapya, karanga bado zina harufu ya udongo. Mahindi yana upungufu wake wa protini, maharage yana upungufu wake mwingine. Ukiyaweka sufuria moja yanasitiriana, kama mimi na Bibi yenu: mimi nina maarifa, yeye ana chumvi. (Chumvi yenyewe, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai tu. Nimemsomea Bibi kipengele hicho mara mbili. Mara ya pili alikuwa na mwiko mkononi, ule wa mti.)

Sikiliza sasa. Nunua mahindi yaliyokobolewa, yasiyo na ngozi. Asubuhi kabla hujatoka, loweka mahindi na maharage. Ukirudi saa tisa, chukua harage moja ulibonyeze kwa kucha. Ngozi iliyokuwa imekunjamana itakuwa imenyooka, na kucha itaingia bila ubishi. Hapo mwaga maji yale yote, usiyaonee huruma; ndiyo yamebeba sehemu ya ile gesi itakayokufedhehesha mbele ya Darasa la Sita. Weka maji mapya, washa jiko.

Na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Kande kwa moto wa kawaida zinakula saa tatu. Mtungi wa kilo 6 hauna saa tatu za kuchezea. Utakufa tarehe 17 na mshahara uko tarehe 25. Mtu wa kawaida angekwambia utie magadi. Magadi yanalainisha kweli, ila yanaua baadhi ya vitamini na kukuachia ladha ya sabuni. Mimi si mtu wa kawaida. Mimi nilivumbua blanketi.

Chemsha kwa nguvu nusu saa, mapovu yakipanda na kushuka. Usinipunguzie: maharage, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo haiogopi uvuguvugu, inakufa kwa kuchemka kwelikweli. Baada ya nusu saa zima gesi, usifunue kifuniko hata kwa kuchungulia, ifunge sufuria kwa kitenge, kisha blanketi zito, iketishe ndani ya kapu au boksi lililojazwa nguo, pasibaki upenyo. Sufuria iwe imejaa vizuri, maana yenye chakula kidogo inapoa upesi. Kaa chini usahihishe madaftari. Joto lile lile lililokuwa linakimbilia darini sasa limefungwa, halina pa kwenda, linaamua kufanya kazi. Saa mbili usiku fungua. Ule mvuke utakaokupiga usoni, mwanangu, ni mapenzi.

Wapo wenye kijicho wanaosema njia hii ni ya zamani. Eti Wanorwe walipeleka sanduku la namna hiyo kwenye maonesho ya Paris mwaka 1867, eti Waingereza walipikia ndani ya masanduku ya nyasi kavu wakati wa vita kuu ili kuokoa makaa. Sina ugomvi na Wanorwe. Waliivumbua kwao, mimi nikaivumbua Bombambili, na kwangu ilikuwa vigumu zaidi kwa sababu blanketi lilikuwa na mtu.

Ndiyo. Nyumba yetu ina blanketi zito moja, na jioni ile ya uvumbuzi Bibi yenu alikuwa amejifunika akiwa na mafua. Nikamweleza kwa upole kwamba yeye ana damu inayozunguka, sufuria haina. Sitaeleza kilichofuata. Itoshe kusema usiku ule kande ziliiva na mimi nililala sebuleni na koti la mvua.

Tulikuwa wapi? Ladha. Zikishalainika ndipo uzirudishe motoni zichemke tena na viungo: kitunguu, karoti, tangawizi ya Madaba iliyopondwa, nyanya, na karanga za kusaga vijiko vitatu. Nyanya zisitangulie, ukali wake unayafanya maharage yagome kulainika, yanakuwa kama kokoto zenye mchuzi. Juu kamulia ndimu, kando weka parachichi. Ndimu inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage. Chai ya rangi inafanya kinyume, kwa hiyo chai isubiri saa moja. Hata timu yetu ya mpira, Majimaji, Wanalizombe wetu, waliposhuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2018, sikusema neno. Najua kilichokosekana matumboni, ila mtu mzima haropoki asipoulizwa.

Barua ya pili.

*Babu, shikamoo. Mume wangu hataki dona, anasema ni ugali wa bweni. Anataka sembe nyeupe kama shuka la arusi. Nifanyeje? — Mama wa Msamala*

Marahaba, mama. Sembe ni mahindi yaliyonyang'anywa ngozi na kiini. Vilivyonyang'anywa vinaitwa pumba, na pumba wanakula kuku wangu. Mlete mumeo aje asimame kando ya yule jogoo, nani ana kifua? Dona imebaki na nyuzinyuzi zake na vitamini za kundi B, ndiyo maana tonge lake linakaa. Masharti yake mawili tu. Saga kidogo kidogo, maana kiini kina mafuta na unga ukikaa sana unaota ukali. Na kabla ya kwenda mashineni chambua punje, yenye ukungu itupe, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupika, hata apike nani. Hata nipike mimi, na hilo nakiri kwa uchungu.

Sasa mbinu. Mpikie siku umeme umekatika. Gizani dona na sembe ni ndugu wa tumbo moja. Pembeni weka majani ya maboga ya karanga, mafuta ya zile karanga yatausaidia mwili kufaidi vitamini A ya majani. Kisha mfundishe kula kwa ufundi wangu. Wamatengo wa Mbinga wanachimba ngoro kwenye miteremko, yale mashimo yanayoshika maji ya mvua ili udongo usitelemke na mafuriko. Miaka mingi wataalamu wamekwenda kuyapiga picha. Mimi nachimba ngoro juu ya ugali: kishimo kimoja katikati kwa kidole gumba, vingine vinne kuzunguka, mchuzi unakaa, hautoroki hata tone. Hajaja mtaalamu hata mmoja kupiga picha. Mumeo akifika tonge la nne, washa tochi ghafla. Atakasirika, lakini atakuwa ameshiba, na aliyeshiba hagombani kwa muda mrefu.

Barua ya tatu.

*Babu, kwa baridi hii naweza kuingiza jiko la mkaa chumbani nikalala nalo? — Kijana wa Lizaboni*

Hapana. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasinzia na hasinduki. Jiko libaki nje, hata kama limebaki na vikaa viwili vyekundu chini ya majivu. Kula kitu cha moto, vaa soksi, ufunge mlango.

Nimejisikia vibaya kuandika aya nzima bila kujitaja, basi turudi kwangu. Nilitaka kuwapa siri ya uji wangu wa ulezi, uji ambao mtu mmoja mzito wa hapa mjini aliunywa akalia (ulikuwa wa moto, lakini machozi ni machozi). Nilitaka pia kueleza kwa nini viazi vitamu vichemshwe na ngozi. Ila Bibi yenu amerudi kutoka sokoni, amesimama nyuma yangu, anasoma kwa sauti, na anauliza: huyu mwalimu si ameomba kitu chepesi? Mbona umemwandikia kazi ya kutwa, na jina langu umelitumia kama kiungo?

Anasema niandike hivi, nami naandika kwa sababu ni wazo nililokuwa nalo tangu mwanzo: dagaa wa Nyasa, wale wanaoletwa kutoka Mbamba Bay. Waoshe kwa maji ya moto, wakaange kidogo bila mafuta mpaka walie, tia kitunguu, nyanya, tangawizi na maji vikombe viwili. Dakika 15 supu ipo mezani. Wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo chokaa ya mifupa yako unaipata humo humo. Mtungi hautajua hata kama uliwashwa.

Mwalimu, jaribu hiyo leo, kande ziwe za Jumamosi. Bibi anauliza tena, sasa kwa sauti nyingine, kwa nini blanketi linanuka maharage. Nafasi yangu gazetini imekwisha. Kama kuna msomaji wa Bombambili mwenye blanketi la ziada, apite kwangu jioni, kabla ya saa mbili. Lile la hapa lina kazi mpaka saa hiyo, na sufuria haijaiva.