Mvua Ilikuja Bila Kadi

Harusi ya binti wa kaka yangu ilipangwa Julai. Naomba hilo liandikwe mahali, maana hapa Kolandoto kila anayenikuta dukani ananipa pole ya mvua kana kwamba sisi ni watu wa kupanga harusi Desemba kwa akili zetu timamu.

Julai huku kwetu ni mwezi wa maana. Pamba inauzwa, mpunga uko ndani, mbingu nyeupe. Kero ni vumbi tu, nalo hufutwa kwa kitambaa. Lakini mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati, na Juni ilipofika daftari langu lilikuwa na ahadi nyingi na pesa ya soda. Mwenye pamba alisema anasubiri malipo. Mwenye mshahara akasema ngoja mwisho wa mwezi, bila kutaja mwezi gani. Shemeji yangu mchimba dhahabu wa Nyarugusu, kule Geita, aliahidi laki tano "duara likitema". Nilimpigia Julai, wanatoa maji. Agosti, wanaweka matimba. Septemba, wamefika kwenye mwamba wa matumaini. Uchimbaji wa dhahabu nimejifunza kwa simu, tena kwa vocha yangu.

Basi tukasogeza, tukasogeza tena, tukaangukia Jumamosi ya pili ya Desemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatuhesabu Kanda ya Ziwa, na vuli ni Oktoba hadi Desemba, si siri. Ila kikaoni kuna mtu alisimama akasema vuli za siku hizi ni jina tu, mwaka jana Desemba ilikuwa kavu kabisa. Mtu huyo ni mimi. Ndiye mimi pia niliyepunguza maturubai kutoka sita hadi manne.

Ubaya wa kunyeshewa Shinyanga ni kwamba hakuna wa kumlalamikia. Mkoa huu uliishiwa miti mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986 ili turudishe ngitili, yale malisho yanayotengwa yaote tena. Sasa wewe nani ununie mvua? Wiki tatu kabla ya harusi tuliiombea kanisani. Niliitikia amina kubwa, nina ekari mbili za mahindi. Nilipofika nyumbani nikapiga magoti peke yangu kuomba isinyeshe Jumamosi moja tu. Sijui maombi hayo mawili yalipokewaje huko juu, yote yana jina langu.

Ijumaa usiku redio ikatangaza mvua na ngurumo katika maeneo machache, pamoja na vipindi vya jua. Nikalala vizuri. Kanda ya Ziwa ni kubwa, maeneo machache yanaweza kuwa Ukerewe, Chato, hata Tarime. Jumamosi saa nane mchana, tukiwa tumetoka kanisani, nikajua maeneo machache ni ua wa kaka yangu. Binamu aliyekuwa bado Maganzo alipiga simu kuuliza kelele gani hizo. Kwake jua linawaka.

Udongo wetu wa mbuga mnaujua. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kandambili. Ukilowa unavimba, unanata, na kila hatua inakuongezea soli mpaka unatembea kama umevaa matofali. Dereva wa Noah ya bibi harusi aliusimamia ukweli huo pale lami inapoishia, akagoma kuteremka. Bibi harusi akavua mchuchumio, akaazima katambuga za kijana mmoja, akapanda mkokoteni wa ng'ombe, shela limekusanywa mapajani kama mzigo wa pamba. "Baba mdogo, panda twende," akaniambia, anacheka! Mimi niliyevaa suti ya kuazima ndiye niliyekuwa karibu kulia. Mpiga picha akapiga kila kitu, kisha akadai nyongeza kwa sababu ya matope.

Shangazi yake ndiye aliyetoa sababu za kitaalamu za mvua hiyo. "Nilimwambia tangu mdogo, usile kwenye sufuria! Ukoko wote wa nyumba hii kala yeye."

Yale maturubai manne yakaanza kuvimba matumbo kama viwele vya ng'ombe waliosahauliwa kukamuliwa. Mjomba akachukua mpini wa jembe asukume maji yatoke nje. Yalitoka, ila upande wa meza ya wakwe. Hawakusema neno. Walikuwa wameshatoa ng'ombe 12, na mtu aliyetoa ng'ombe 12 haondoki kwa ndoo mbili za maji. Umeme ukakatika, MC akabaki anapiga kelele kwa koo lake, na hakuna aliyemkosa sana.

Lililoniuma ni wazee. MC alipoita meza yao ilete zawadi, meza ina mzee mmoja tu. Wengine walikuwa wameondoka kwenda kuangalia maji yameingia kiasi gani shambani. Aliyebaki alinishika mkono kwa mikono yake miwili: "Mwadila! Binti yenu ana mguu mwema, ametuletea mbula." Nikasema asante. Ningesema nini?

Jumapili hakuna aliyekuja kuvunja kamati, wote walikuwa nyuma ya jembe la ng'ombe wakipanda. Haijavunjwa mpaka leo, maana yake mimi bado ni mweka hazina na daftari bado lina kazi. Kwa hiyo shemeji wa Nyarugusu, na wenzako wa mwisho wa mwezi: kurasa zililowa, lakini majina yenu yanasomeka. Kuna binti mwingine anamfuata huyu. Lipeni kabla ya Juni.