Mkono Ulipogoma

Wa kwanza kujua kwamba mkono wangu wa kulia una shida alikuwa ng'ombe. Tunaishi juu kidogo ya Nkubu, upande ule wa Mlima Kenya ambako kahawa inaisha na chai inaanza, na ng'ombe wetu mmoja wa gredi ndiye anayelipa karo ya kifungua mimba wetu. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili, nikakaa ndani kama inavyotakiwa, kisha nikarudi zizini. Kila nikishika chuchu na kuivuta, maumivu yalianzia chini ya kidole gumba, yakapita ubavuni mwa kifundo cha mkono na kupanda hadi katikati ya kigasha. Nikawa nakama kwa kuibia: navuta kidogo, napumzika, nabadilisha mkono. Ng'ombe asiyekamwa hadi mwisho huvumilia siku mbili tatu, halafu huanza kurusha mateke. Ndoo ikamwagika. Kabla wiki haijaisha, robo moja ya kiwele, upande wa nyuma, ilikuwa ngumu na ya moto, na maziwa yake yanatoka na mabonge.

Ndivyo maumivu ya mkono wangu yalivyoingia katika mfuko wa nyumba. Daktari wa mifugo alikuja, akamchoma ng'ombe sindano, akatuagiza maziwa yasiuzwe wala yasinywewe mpaka dawa iishe mwilini. Maziwa yaliyobaki ndani ya kiwele ndiyo chakula cha vijidudu, alisema, na ng'ombe wa aina hii hawezi kukamwa nusu nusu. Kwa hiyo asubuhi na jioni tulikuwa tunakama na kumwaga shimoni, karani wa ushirika anapita barabarani na mizani yake bila kusimama kwetu, na mume wangu, ambaye ni mwalimu, anapiga hesabu nyuma ya daftari la mazoezi huku akisugua paji la uso.

Wakati huohuo wageni walikuwa wameshatangazwa. Mama mkwe alikuwa amepanga na akina mama wa kanisa waje Jumamosi kumwona mtoto. Mama yangu mzazi naye alikuja kutoka Runyenjes, kule Embu, amepanda matatu ya asubuhi, akavuka mto Thuchi, akapita Chuka na Chogoria, akateremka hapo stendi na njahi, ndizi mbichi na unga wa wimbi, vyakula vya kumrudishia mzazi nguvu na maziwa. Njiani alikuwa amewabeba kuku wawili mapajani. Nilipompokea mzigo kwa mkono wa kushoto alinitazama, lakini hakusema neno mbele ya watu.

Jumamosi nilitaka kuponda mukimo mwenyewe. Viazi, mahindi, maharagwe na majani ya malenge vilikuwa tayari kwenye sufuria kubwa, na mwiko ni ule mrefu wa mti mgumu. Nilizungusha mara chache tu, mwiko ukabaki umesimama katikati ya viazi na mimi nimeshikilia mkono wangu. Nikaona afadhali nianze kwa kuepua uji uliokuwa unachemka pembeni. Nilishika sufuria kwa tambara, nikainyanyua, na kidole gumba kikakataa kufunga. Uji wote ulikwenda sakafuni. Mtoto alikuwa chumba kingine, na dada yake mkubwa alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka hapo uji ulipofika; kwa hayo namshukuru Mungu hadi leo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na akina mama wale waliingia mlangoni wakalitimiza neno hilo. Mmoja alichukua tambara akapangusa, wawili wakafunga leso viunoni wakaushambulia mukimo kwa zamu, mwingine akakoroga uji upya. Mimi niliketishwa kwenye stuli kama mgeni kwangu. Walipoondoka, vyombo vilikuwa vimeoshwa na nepi zimeanikwa.

Usiku ndipo baraza la matibabu lilipokaa. Mama mkwe anamjua mzee mmoja ng'ambo ya mto, mkandaji, ambaye amerudisha vifundo vingi mahali pake, na alitaka twende kwake alfajiri. Mama yangu alisema hapana, mkono ulowekwe katika maji moto ya chumvi na kufungwa kitambaa kwa nguvu usitikisike. Wote wawili walikuwa wanasema kwa mapenzi, na sauti zilianza kupanda. Mume wangu alikata shauri kwa kumtaja mdogo wake.

Shemeji huyo alianguka kutoka kwenye bodaboda katika barabara ya murram, akatanguliza kiganja. Mkono ulivimba kidogo tu, akapelekwa kukandwa, akakandwa vizuri kwa mafuta ya moto. Maumivu hayakuisha. Yalikuwa kwenye kile kishimo kinachoonekana chini ya kidole gumba ukikinyoosha. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, na mmoja wao uko hapo hasa kwenye kishimo. Huo ndio unaovunjika mara nyingi mtu akiangukia kiganja, na wakati mwingine picha ya eksirei ya siku ya kwanza haionyeshi ufa, ndiyo maana madaktari hutaka irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Ubaya wake ni kwamba sehemu kubwa ya damu huufikia mfupa huo kwa njia nyembamba kutoka upande wa vidole. Ufa ukikata njia hiyo, kipande kinachobaki nyuma hukosa chakula na kinaweza kufa. Shemeji alifungwa plasta kwa miezi, na mpaka leo hawezi kujiinua kwa mikono akitoka kitini. Basi mume wangu alisema hakuna mkono utakaokandwa katika nyumba hii kabla hatujajua una nini. Mama mkwe alinyamaza. Yeye ndiye aliyempeleka yule mwanawe kukandwa, na kidonda hicho anakijua kuliko sisi.

Aliyetusukuma hospitalini alikuwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chetu, mmoja wa wale takriban 100,000 waliopewa mikoba ya kazi na serikali mwezi Septemba 2023. Alikuja kuangalia mtoto na kadi yake ya chanjo. Aliniona nikimwinua mtoto kwa kumshika chini ya kwapa, vidole gumba vimenyooka juu, viganja vimepinda, nikakunja uso. Akaniuliza nimekuwa hivyo tangu lini, akaandika karatasi ya rufaa papo hapo.

Afisa wa kliniki tuliyemkuta alikuwa kijana mpole mwenye maswali mengi, na namheshimu kwa sababu aliuliza kabla ya kugusa. Je, uliangukiwa na kitu, ulianguka, ulijigonga? Usiku vidole vinakufa ganzi? Vipi, hivi vitatu vya upande wa gumba au vile vya upande wa kidole cha mwisho? Unaamka ukikung'uta mkono? Nani anakama? Nani anafua? Mtoto ana kilo ngapi, na unamwinua vipi? Sikuwahi kudhani kwamba daktari anaweza kutaka kujua jinsi ninavyokamua nepi. Kisha akashika kidole gumba changu taratibu na kuusogeza mkono wote kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Nilipiga kelele iliyomfanya mume wangu aingie bila kuitwa.

Akatueleza. Kuna kano mbili zinazokwenda kwenye kidole gumba, moja ya kukitanua, nyingine ya kukinyoosha. Zinapofika kifundoni hupita pamoja ndani ya njia nyembamba, kama kisu ndani ya ala. Ukikunja kifundo huku gumba limebana kitu, ukafanya hivyo kutwa nzima, ala inavimba na kuwa nene, na kano hazitelezi tena. Wazazi wenye watoto wachanga hupatwa sana, kwa kuwa mwili baada ya kujifungua huwa bado unahifadhi maji na homoni hazijatulia, na mtoto anaongezeka uzito kila wiki huku anainuliwa kutwa kucha. Daktari mmoja wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895 na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye faili. Kile kipimo kilichonitoa machozi kinabeba jina la Harry Finkelstein wa New York, aliyekiandika mwaka 1930. Baadaye nilisoma kwamba de Quervain huyohuyo ndiye aliyepigania chumvi yenye madini ya joto huko kwao ili watu wasiote tezi shingoni, na tangu siku hiyo pakiti ya chumvi jikoni kwangu naitazama kwa heshima. Nilisoma pia kwamba Waingereza, hata kabla yake, katika kitabu chao kikubwa cha anatomia, waliutaja ugonjwa huu kuwa wa wanawake wafuaji nguo. Kwa hiyo wapo wanawake waliolia juu ya beseni zaidi ya miaka 100 kabla yangu.

Hakutaka eksirei, kwa sababu sikuanguka. Alinipa gango la kitambaa kigumu, na akasisitiza jambo ambalo naliandika hapa kwa kila mama mwenye shida hii: gango lishike kidole gumba pia. Bendeji ya kawaida ya dukani hukaza kifundo na kuliacha gumba likicheza, na gumba ndilo lenye kesi. Nilivae mchana na usiku kwa wiki 4 hadi 6, nilivue kuoga tu. Akaandika dawa ya maumivu inayofaa kwa anayenyonyesha, na kitambaa kilicholoweshwa maji baridi pale panapovimba. Isipopungua nirudi nichomwe sindano ya kutuliza uvimbe ndani ya ala yenyewe. Wachache wasiopona kwa sindano hufunguliwa ala kwa upasuaji mdogo. Kisha akamgeukia mume wangu: "Mwalimu, gango peke yake halitaponya. Nani atakama?"

Mkono mmoja haulei mwana, alisema mama mkwe tulipofika nyumbani, na papo hapo akagawa kazi. Nepi na mablanketi akazichukua yeye. Ilikuwa Novemba, na huku kwetu mashariki ya mlima mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo kubwa, nguo isiyokamuliwa inaweza kukaa kwenye kamba mpaka inuke. Alibuni njia: anaipitisha nguo nyuma ya nguzo ya veranda, anashika ncha zote mbili na kuipota kwa uzito wa mwili wake, viganja vimenyooka, kisha pasi ya makaa inamalizia. Mama yangu akachukua jiko na mtoto. Yeye ndiye aliyenifunza kumwinua upya: mkono mmoja chini ya matako, mwingine nyuma ya mgongo, viganja vikitazama juu, mtoto anavutwa kifuani kwanza ndipo mtu asimame. Wakati wa kunyonyesha, mto mapajani ubebe kichwa cha mtoto, si kifundo changu.

Zizi likabaki kwa mwalimu. Mama yangu alimfundisha jioni ya kwanza kwa kumshikia mkono juu ya mkono. Wengi wetu tulikua tukikama kwa kubana chuchu kati ya gumba na kidole na kuivuta chini, na kuvuta huko kunaumiza gumba la mkamaji na chuchu ya ng'ombe vilevile. Inavyotakiwa, unafunga chuchu juu kwa gumba na kidole cha shahada ili maziwa yasirudi, kisha vidole vingine vinafunga kimoja baada ya kingine kuelekea chini, kiganja kizima kinafanya kazi na kifundo kinabaki kimenyooka. Mwanzoni alikuwa anatumia muda mrefu mpaka ng'ombe anamaliza chakula na kuanza kumgeukia. Vigasha vilimuuma akawa hawezi kuandika ubaoni vizuri. Hakuacha. Kiwele kikalainika, dawa ikaisha mwilini, na karani wa ushirika akaanza tena kusimama langoni petu.

Mkono wangu haukupona moja kwa moja. Uliendelea vizuri, halafu mtoto akachanjwa, akalia usiku kucha, nikambeba usiku kucha, na maumivu yakarudi. Nikachomwa ile sindano. Niliambiwa mapema kwamba inaweza kuiacha ngozi na doa jeupe, na kweli doa dogo limebaki hapo ubavuni mwa kifundo. Silijutii. Baada ya muda niliweza kugeuza ufunguo mlangoni, kisha kufungua chupa ya chai, kisha kuponda mukimo wa watu wanne.

Sasa kesi iliyobaki ni ya mama yangu. Siku alizokuwa kwetu tulilala chumba kimoja, na kila alfajiri nilimsikia akiamka, akiketi ukingoni mwa kitanda na kukung'uta mikono. Nilidhani ni baridi. Amechuma chai inayopelekwa kiwanda cha Rukuriri tangu nikiwa mtoto, majani mawili na kichipukizi, gumba na kidole, kutwa. Maswali ya yule kijana wa kliniki yalinirudia nikiwa nimelala. Nikamuuliza ni vidole vipi vinavyokufa ganzi. Akanionyesha gumba na viwili vinavyofuata, akasema ni uzee, si kitu. Nikamweleza kwamba huo ni ndugu mwingine wa ugonjwa wangu, neva imebanwa katikati ya kifundo, na ikiachwa miaka mingi nyama ya chini ya gumba hukonda na nguvu haziwezi kurudi zote. Alitazama kiganja changu, kisha akatazama chake. Pale chini ya gumba pameanza kuingia ndani.

Ametoa visingizio vyake vyote: msimu wa majani, kuku, mazishi ya jirani. Jumatano ijayo nateremka Runyenjes kumchukua mimi mwenyewe. Mume wangu atakama, na mama mkwe ameniambia niache nepi zote kwake.