Mheshimiwa Waziri, Hospitali ya Akili ya Fizi Imekamilika, Imebaki Sahihi Yako

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya ya Umma, Kinshasa.

Nakala kwa taarifa: Gavana wa Kivu Kusini, popote ofisi yake itakapokuwa barua hii ikifika, Msimamizi wa Territwari ya Fizi, Meya wa Baraka, wenye vyumba vya maombi, umoja wa motari, yaani waendesha pikipiki za abiria.

Kuhusu: ombi la kutambuliwa rasmi kwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mheshimiwa,

Sisi wenye wagonjwa wa akili majumbani, kutoka Fizi hadi Baraka, tunakuandikia. Tunajua meza yako imejaa barua za malalamiko, ndiyo maana yetu tunaianza kwa shukrani.

Serikali chache huwaamini raia wake kama yetu inavyotuamini. Mmetuachia idara nzima ya utabibu tuiendeshe wenyewe, bila mafunzo, bila bajeti, na bila mkaguzi wa kutusumbua kwa maswali. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema haki ya afya imehakikishwa. Tulikaa tukingoja tuonyeshwe mwenye kuihakikisha, mwishowe tukaelewa kwamba ni sisi. Basi tukajenga. Leo tuna heshima ya kukujulisha kuwa hospitali imekamilika na inapokea wagonjwa usiku na mchana.

Tuanze na majengo. Wodi ya wanaume iko nyuma ya nyumba, katika stoo ambayo mlango wake hufungwa kwa nje. Wodi ya wanawake ni jikoni, maana mwanamke wa kwetu hata akiugua akili hakosi kazi. Kwa wasiokubali kulazwa tuna wodi ya wazi: soko la Baraka, vituo vya pikipiki na ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Huko mgonjwa hula kilichodondoka, hulala giza lilipomkuta, na watoto wakitoka shule humfanyisha mazoezi ya mbio kwa mawe.

Usafiri umepangwa vizuri. Mgonjwa akizidiwa, anaitwa motari. Motari hukaa mbele, mgonjwa katikati, kaka yake nyuma, kisha kitenge hupitishwa viunoni mwa wote watatu na kufungwa fundo tumboni mwa motari, ili akianguka mmoja waanguke wote. Nauli ni ya abiria wawili pamoja na nyongeza ya hofu. Mvua ikinyesha na mto ukachukua daraja, safari huishia hapo. Mgonjwa huteremshwa, akafungwa kwenye mti, nasi tukangoja maji yapungue.

Vifaa tiba ni kamba. Tunatumia ile ya nailoni ya wavuvi, kwa sababu ya katani huoza kwa mkojo. Siku za kwanza huacha mstari mwekundu juu ya kifundo cha mguu. Wiki ya pili ngozi huchubuka. Baadaye panaanza kutoa maji, mama anapaka mawese na kuhamishia fundo mguu wa pili. Hayo ndiyo mapumziko tunayotoa: miguu hupokezana. Usidhani ni ukatili. Tunamfunga kwa sababu juzi aliingia ziwani usiku na nguo zake, na kwa sababu wenye bunduki barabarani hawaulizi kama mtu ana akili timamu kabla ya kufyatua.

Idara ya tiba za kiroho ndiyo yenye mabingwa wengi. Katika chumba cha maombi mgonjwa hufungishwa siku tatu, hata kama kilichomleta ni kwamba hajala siku nne. Nabii hufunuliwa mchawi, na mchawi huyo, ajabu ya Mungu, kila mara huwa mwanamke mzee, mjane, asiye na mtoto wa kumtetea. Familia huingia na mgonjwa mmoja, hutoka na kesi mbili. Lakini tuwatendee haki: chumba cha maombi hufunguliwa saa nane za usiku, hakidai dhamana kabla ya kumgusa mgonjwa, na hakikosi mtu wa kumshika mama mkono akilia. Kwa vipimo hivyo vitatu, kimewashinda wengi wenye makoti meupe.

Mkurugenzi wa hospitali hii, muuguzi wake mkuu, mpishi wake na mlinzi wake ni mtu mmoja: mama mzazi wa mgonjwa. Ana kovu la meno mkononi na hajawahi kudai posho ya hatari. Shamba lake la muhogo limeota nyasi, biashara ya ndagala amemwachia wifi yake, na mume, akiwa ni wa aina ile, aliondoka mapema akisema ugonjwa huo haukutoka kwao. Tunaomba mama huyu apewe matrikule, namba ya mtumishi wa serikali. Hatuna haraka. Tunawajua wauguzi waliosoma, wanaofanya kazi miaka na miaka katika hospitali za serikali wakingoja matrikule na mshahara. Atajipanga nyuma yao. Kungoja ndiyo kazi aliyobobea.

Utauliza kuhusu dawa. Sokoni diazepam huuzwa kidonge kimoja kimoja, pamoja na ushauri wa muuzaji ambaye jana alikuwa akiuza betri za redio. Dawa zenyewe za maradhi haya si ngeni. Chlorpromazine ilianza kutuliza wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Haloperidol iligunduliwa mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen, Ubelgiji, wakati sisi tukiwa bado koloni la nchi hiyo hiyo. Uhuru tuliupata 1960. Mbelgiji amekwisha kuondoka na bendera yake. Kidonge bado kiko njiani kuja Fizi.

Na kikifika, hufika bila maelezo. Mdogo wangu alichomwa sindano ya haloperidol katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Usiku shingo ikampinda kuelekea begani, ulimi ukawa mzito, macho yakabaki yanatazama dari. Mama akapiga yowe kwamba wachawi wamerudi kummaliza. Jirani akaleta mafuta ya upako, mjomba akakimbilia kwa mganga, na mbuzi wetu akaenda naye. Asubuhi muuguzi aliyeingia zamu akamtazama mara moja, akasema: "Ni dawa hiyo, huwafanyia hivyo wengine. Mpeni Artane." Kidonge kidogo, hata nusu ya ukucha hakifiki. Kabla ya saa sita mchana shingo ilikuwa imenyooka. Maneno hayo machache, Mheshimiwa, yangesemwa jana yake wakati wa kuchoma sindano, mbuzi angekuwa zizini. Tangu hapo mama hataki kusikia habari ya sindano, na mganga ana ushahidi wa kuonyesha wateja wengine kwamba alimnyoosha mtu shingo.

Bili nayo ina utabibu wake. Katika nchi yetu mgonjwa wa akili huweza kuzuiliwa mara mbili: kwanza kwa sababu hajapona, halafu kwa sababu amepona na hajalipiwa. Mara ya pili ndiyo hatari, maana sasa ana akili za kutosha kuelewa alipo.

Najua utatuelekeza Bukavu. Hapo kejeli tunaiweka chini kidogo. Kituo cha SOSAME, kilichoanzishwa mwaka 1994 na kuongozwa na mabruda wa shirika la Frères de la Charité, kimewarudishia watu wa Kivu Kusini ndugu zao wakiwa watu. Shirika hilo lilizaliwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Ndilo lenye hospitali ya Ndera jirani na Kigali, ya Kamenge mjini Bujumbura, na kituo cha Tulizo Letu kule Goma. Anayechora ramani ya tiba ya akili katika Maziwa Makuu huchora njia walizopita watawa. Njia walizopita mawaziri bado tunazitafuta.

Lakini kutoka Baraka hadi Bukavu ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Uvira na bonde la Ruzizi. Aliyerudi kutoka huko na vidonge vya mwezi mmoja alikuwa amepewa mwezi mmoja wa akili. Vikiisha, kaka yake hutafuta tena motari na kitenge. Februari 2025 waasi wa M23 wakaichukua Bukavu, na tangu hapo kati ya mgonjwa na daktari wake ukakatiza mstari wa vita. Fikiria hali ya mtu anayesikia sauti zikimwambia barabarani kuna watu wenye silaha wanaomngoja. Kwa mara ya kwanza tangu augue, sauti zinasema kweli.

Wapo wanaosema maradhi yetu yote ni ya vita, vita ikiisha tutapona. Nusu ni kweli. Huko Makobola na vijiji vya jirani, kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, waliuawa watu zaidi ya 800, kwa hesabu ya ripoti ya Umoja wa Mataifa. Waliokuwa watoto siku hizo leo ni wazazi, na wapo wasiolala usiku. Katika kambi za Lusenda na Mulongwe kuna ndugu zetu wa Burundi waliokuja na yao. Lakini kifafa hakikuletwa na mwasi yeyote, na kijana anayeanza kusema peke yake akiwa na miaka 19 angeugua hata kama Fizi ingekuwa Uswisi. Amani haitatibu kila kitu, na kuisubiri si mpango wa matibabu.

Wala usiambiwe kwamba hatufikiki. Mwaka 1965 Che Guevara, daktari aliyesomea kabisa, alivuka ziwa kutoka Kigoma akakaa nasi miezi saba, ingawa kwa shughuli nyingine. Mwaka 2003 madaktari wa MSF walifika, wakafanya kazi Baraka miaka mingi. Desemba 2023 mashine za kupigia kura zilitufikia, na betri zake. Na Februari 2011, baada ya wanawake wa Fizi kubakwa na wanajeshi siku ya Mwaka Mpya, mahakama ya kijeshi ya kutembea ilikuja kuketi Baraka: majaji, waendesha mashtaka, mawakili, ulinzi. Luteni kanali akahukumiwa miaka 20. Ilikuwa kazi njema, na ilituthibitishia kwamba Serikali ikitaka kusafiri, barabara huonekana. Mahakama ikafunga majalada, ikapanda magari. Wanawake waliosimama mbele yake wakarudi nyumbani na usiku wao.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kwanza, katika kila zoni ya afya, Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge, awepo muuguzi mmoja aliyefundishwa maradhi ya akili na kifafa. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa mafunzo hayo kwa wauguzi wa kawaida tangu 2008. Pili, dawa nne zisizokatika: haloperidol, Artane ya kuituliza, sindano ya fluphenazine ya mara moja kwa mwezi, na phenobarbital ya kifafa. Zote zimezeeka kuliko wengi wetu. Tatu, daktari wa kutembea, kama ilivyotembea mahakama, aje kwa tarehe inayojulikana, aangalie wagonjwa na asikilize wauguzi. Nne, mtu wa kumweleza mama, kwa lugha anayoisikia, dawa hii inafanya nini na inaweza kumfanya nini mwanawe. Hili la nne halina gharama, labda ndiyo sababu halijaingia kwenye bajeti.

Ikiwa hayo ni makubwa, basi tunaomba yaliyo madogo. Kamba ya nailoni iandikwe katika orodha ya taifa ya vifaa tiba, tuinunue bila ushuru. Kitenge kisajiliwe kama mkanda wa usalama. Mama apewe matrikule yake. Na utume kibao kilichoandikwa "Hospitali ya Taifa", tutakitundika juu ya mlango wa stoo.

Usipojibu tutahesabu kwamba umekubali, na tutakualika kwenye uzinduzi. Mkasi tutautafuta sisi. Utepe upo tayari, umefungwa mguuni mwa mgonjwa wa kwanza. Siku hiyo, Mheshimiwa, usione haya mbele ya kamera: ukate.



Kwa niaba ya familia za wagonjwa,
Baraka.