Trei za Mayai Zimekwenda Wapi?

Nyumbani kwangu mayai yanakaa kwenye beseni. Si kwamba hatuna trei. Tunazo ishirini na sita, nimezihesabu mwenyewe, zote zimegongomelewa ukutani kwenye chumba cha uani ambacho zamani kilikuwa stoo na sasa ni studio. Mama wa genge alipokuja kudai za kwake nilimpeleka akajionee. Akatazama kuta, akamtazama mpwa wangu aliyevaa hedifoni na kufumba macho, akaninong'oneza, "Anaumwa?"

Haumwi. Anatengeneza filamu, na anapiga gitaa. Mtaani wanamwita Dairekta. Alikuja Dar kwa wiki mbili kumalizia filamu yake fupi, na huu ni mwaka wa pili. Filamu bado. Vyombo ndivyo vinavyoongezeka: magitaa matatu (moja halina nyuzi, eti ni la kuonekana kwenye kamera), mikseri, spika mbili ambazo si za kusikilizia muziki bali za kusikilizia makosa, na hizo pedali.

Kwa ambaye hajabahatika, pedali ni kisanduku cha chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, unakikanyaga gitaa linabadili sauti. Kwa kawaida kinakula volti 9. Siku moja nilimwonea huruma nikachomeka kimoja kwa adapta ya redio yangu. Kumbe pedali nyingi zinataka hasi ikae katikati ya ncha, na adapta yangu ni kinyume chake. Kilitoa harufu, halafu kikanyamaza. Mpwa wangu naye alinyamaza, siku tatu, na nakiri zilikuwa siku nzuri.

Alipopata sauti akanunua kingine. Laki tatu.

"Hiki kinafanya nini, mjomba?"

"Hii fazi, mjomba. Inafanya gitaa likwaruze."

"Kama spika iliyopasuka?"

"Hapo hapo!" Alifurahi kweli, akadhani nimeanza kuelewa sanaa.

Nikaenda kusoma habari za hiyo fazi nikitafuta pa kumkamatia. Ni kweli tupu, na ndiyo maana inauma. Kule Nashville, Marekani, walikuwa wanarekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka 1961. Njia moja ya mikseri ikaharibika, gitaa la besi likatoka linanguruma kama pikipiki iliyotobolewa ekzosi. Watu wakaipenda ile ngurumo. Mwaka 1962 kampuni ya magitaa ya Gibson ikatoa kisanduku cha kuuza ubovu uleule, kikiitwa Maestro Fuzz-Tone. Na kabla ya hapo, 1958, mpiga gitaa Link Wray alitaka mkwaruzo akachukua penseli akatoboa spika zake. Penseli! Ninazo nusu dazeni mezani. Redio yangu nayo inakwaruza tangu mtoto wangu wa kwanza anatambaa, na hakuna aliyewahi kunipa hata mia.

Nikamkumbusha mpiga gitaa wa Kongo, Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga wimbo wake Masanga. Gitaa moja la mbao, kidole gumba na cha shahada, na ukisikiliza utaapa wamekaa watu wawili. Dairekta akasema Mwenda alikuwa hatari, ila hakuwa na pedali. Nikamwambia hakuwa pia na mjomba wa kumnunulia luku.

Basi akaniletea shujaa wake, Robert Rodriguez, ambaye naye anaongoza filamu na kupiga gitaa. Hapo alijichongea. El Mariachi, ya 1992, inahusu mpiga gitaa, na ilipigwa kwa dola kama 7,000, nyingine alizipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa hospitalini. Kamera ya kuazima. Alipotaka kamera itembee, alikalia kiti cha magurudumu akasukumwa. Nikamwambia, mjomba, kiti nitakutafutia, na kukusukuma nitakusukuma mwenyewe mpaka stendi.

Akasema siku hizi watazamaji wamebadilika.

Sasa juzi, saa nane usiku, nimeamka kwenda uani. Umeme ulikuwepo, taa sikuwasha, kwa kuwa mwenye kulipia ni mimi. Mlango wa studio wazi. Mguu peku ukatua juu ya chuma, kikalia *kwachu*, taa nyekundu ikawaka. Nilikuwa na kikohozi. Nikakohoa. Kutoka kwenye spika za makosa mtu mwingine akakohoa. Halafu mwingine, mbali kidogo. Halafu wa nne, kama yuko kaburini. Nikapiga kelele, "Nani?" na wote watatu wakaniuliza mimi nani. Maiki ilikuwa wazi na mashine inarekodi.

Asubuhi sikukuta pole. Nilikuta filamu. Sekunde arobaini, korido ya nyumba yangu gizani, na kikohozi changu kinatembea ukutani. Miaka miwili, magitaa matatu, na kitu cha kwanza kukamilika ni kifua changu.

"Mjomba," akasema, maiki mkononi, "hebu kohoa tena kidogo. Ile ya kwanza ilipanda sana kwenye mita."

Nikamwambia kikohozi kimoja, trei moja. Tukashikana mikono. Mpaka naandika haya nimeshakomboa nne, na koo linawasha.