Kasuku Aliyerudi na Chokaa

Katika msitu wa Punia, upande wa mto Ulindi, Chui alikuwa na mashimo manane ya kasiterite, yaani mawe ya bati, na kilio kimoja: faida haionekani. Nguruwe Mwitu na wanawe walichimba, Panya Buku wakabeba, Kenge akaosha mchanga mtoni, Ngedere akasukuma baiskeli ya magunia hadi barabara kuu. Jioni wote hoi. Mwisho wa mwezi Chui ananguruma.

Ndipo akarudi Kasuku. Jimbo letu la Maniema, huku Kongo, limetoa makasuku wengi wa kijivu, na wengi wao waliishia vizimbani ng'ambo. Huyu wetu alitoroka, lakini baada ya kuning'inia miaka katika ofisi ya washauri wa biashara, akisikiliza. Alirudi na mkoba, mfuko wa chokaa na maneno ya Kijapani ya kuboresha kazi. "Kaizeni!" alipiga kelele juu ya mti. "Kanbani!" Chui hakuelewa hata moja, kwa hiyo akamwajiri papo hapo.

Kasuku alichora. Alichora mistari ya njia, akachora mahali pa kulaza kila pauro, akagawa kadi nyekundu, za njano na za kijani. Akatundika kengele kwenye mtambaazi wa msituni: anayeona kosa avute, kazi isimame, maana katika kiwanda cha Toyota mfanyakazi yeyote anaruhusiwa kusimamisha kazi. Kisha akapiga marufuku akiba. Mipini, vikapu na mchele viletwe siku vinapohitajika, si kabla.

Mvua zikaanza. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Kasuku alisikia nusu ya habari. Wanaoiuzia Toyota vipuri, wengi wako jirani na kiwanda, na barabara ni ya lami. Baiskeli ya Ngedere ilizama kwenye tope hadi usukani. Mipini ikakatika bila mingine kuwepo, mchele ukaisha, mashimo yakalala. Kasuku akamwandikia Chui ripoti: kengele haijalia hata mara moja tangu itundikwe, hivyo makosa yamekwisha kabisa.

Chui alisoma ripoti hiyo huku ana njaa. Akamwita Kakakuona.

Warega, watu wa huku, wanamheshimu Kakakuona tangu zamani. Husema ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba, walipoangalia magamba yake yalivyolaliana. Hana maneno mengi. Alikwenda kukaa penye tope, akatazama siku nzima, kesho yake tena. Taiichi Ohno, yule mhandisi wa Toyota, naye alikuwa na chokaa yake: alichora duara sakafuni, akamsimamisha meneja ndani yake atazame kazi mpaka aone. Kasuku pia alichora duara, ila yeye aliwasimamisha panya.

Alichokiona Kakakuona kilikuwa wazi kama mchana. Mchanga ulitoka shimoni, ukapanda mlima mpaka nyumbani kwa Chui ukahesabiwe, ukashuka tena mlima uleule kwenda kuoshwa. Kisa? Zamani panya mmoja aliiba kikapu. Tangu hapo kila kikapu kinapanda mlima kwa kosa la kile kimoja.

Usiku akaketi na panya mzee.

"Mwanangu, kengele hii ni mbovu?"

"Nzima, Papa."

"Na hamjaona kosa?"

Panya akacheka chinichini. "Papa, mwaka juzi Fungo alimwambia Mkubwa kwamba kazi ya kuchekecha wanayoifanya wanne, wawili wangeiweza kama chekeche lingesogezwa karibu na maji. Mkubwa akafurahi, akampa kuku. Kesho yake wawili wakafukuzwa. Mmoja alikuwa shemeji yake Fungo. Yule kuku, nyumbani kwa Fungo hakuna aliyemgusa."

Mimi naona habari yote iko kwa kuku huyo. Na wanyama wa Punia wana sababu nyingine za kunyamaza, kwa kuwa mifumo mipya kwao si migeni. Walikuwepo enzi za Symétain, kampuni ya bati. Mwaka 1976 kampuni za madini zikaunganishwa zikawa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati duniani ikaanguka. Mwaka 1997 ikaja kampuni nyingine, SAKIMA. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila akafunga uchimbaji Maniema na katika Kivu zote mbili, hadi Machi 2011. Baadaye zikaja lebo za plastiki zenye namba, kila gunia na yake. Baadhi ya mambo hayo yalikuwa na maana nzuri, lakini sikumbuki lililoanza kwa kumwuliza aliyeko shimoni.

Kakakuona akapanda kwa Chui.

"Mkubwa, apa mbele ya wote kwamba hakuna atakayekosa wali kwa sababu ya wazo lake wala la mwenzake."

"Na kazi ikipungua, hao waliozidi niwaweke wapi?"

"Shimo la nane limejaa maji tangu mwaka jana. Wapeleke wakalikaushe."

Chui akakuna sikio. Kakakuona akaendelea: waanze na shimo moja tu, la tatu, na Chui ashuke mwenyewe.

"Nina mkutano mjini Kindu."

"Basi na mfumo usubiri mkutano uishe."

Mfumo wa Toyota wenyewe ulizaliwa kwa machungu. Mwaka 1950 kampuni ilikaribia kufilisika, wafanyakazi wakagoma, wengi wakapoteza kazi, na mkuu wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Kasuku alipokuwa kizimbani ukurasa huo haukusomwa.

Chui aliapa, kwa sababu hela zilikuwa zimekwisha. Akashuka. Akabeba kikapu kimoja kutoka shimo la tatu mpaka kwake na kurudi mtoni, ulimi nje. Kabla ya saa sita mchana meza ya kuhesabia ilikuwa imehamia mtoni. Alasiri kengele ikalia kwa mara ya kwanza: panya mdogo ameona chekeche limetoboka, na kasiterite inarudi mtoni tangu mvua zianze. Kimya. Makucha ya Chui yakatoka. Wote wakayatazama. Yakarudi ndani, akaagiza chekeche jipya.

Baada ya hapo kengele ililia mpaka ikawa kero. Wakajenga na ghala dogo la mipini na mchele kwa msimu wa mvua. Kasuku akalia kwamba ni dhambi, hakuna aliyegeuka. Shimo la tatu likaanza kulipa.

Kisha siku moja Ngedere akavuta kengele. Akasema kosa kubwa kuliko yote liko darajani, ambako Chatu amejilaza akitoza kila gunia, na risiti hatoi. Chatu ni shemeji yake Chui. "Hilo tutaliangalia," alisema Chui, akapanda mlimani.

Bado anaangalia. Shimo la tatu linaendelea vizuri, na kinachookolewa pale kinaliwa darajani. Mashimo mengine yana mistari ya chokaa. Kasuku yuko Kindu siku hizi, anatafuta wateja, na karatasi zake zinasema alifanikiwa katika mashimo manane. Anatoza kwa dola, nusu mbele. Akibisha hodi kwako, mkaribishe, mpe karanga, halafu mtume kwanza akamwulize mfanyakazi wako wa chini kabisa nini kilimpata wa mwisho aliyetoa wazo.